Ng'ombe wa Maskini Mizanini

Mkulima wa viazi wa Njombe au wa Lushoto hahitaji kufundishwa kwamba kipimo ni jambo la haki kabla hakijawa jambo la hesabu. Amekwisha kufundishwa na lumbesa. Mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza mpaka mdomoni, kisha huliongezea kilemba na kulifunga kwa kamba. Na mzigo uliopita kilo 100 huitwa gunia moja, hulipwa bei ya gunia moja. Mkulima hana ugomvi na hesabu; moja ni moja. Ugomvi wake ni huu: ni nani aliyeamua kwamba mzigo ule ni mmoja? Serikali ya Tanzania imekwisha kuipiga marufuku lumbesa, na bado haijaisha.

Wasomaji wetu wapenzi, twayataja haya kwa sababu mizani nyingine yaundwa duniani, nayo itavipima vyakula vyote, kahawa ya Mbinga na maziwa ya Rungwe pamoja na nyama ya Texas na jibini ya Uholanzi. Yafaa kuitazama mapema, kabla haijafika gulioni.

Mizani hiyo haipimi uzito wa chakula, bali hupima gesi zilizopanda angani kwa ajili yake. Huanza shambani kwa mbolea, dizeli ya trekta, udongo na mnyama mwenyewe. Hukifuata chakula kiwandani, garini na katika jokofu la dukani. Kisha kila gesi hugeuzwa kana kwamba ni hewa ukaa, ili zote zijumlishwe kwa kilo. Jumla hiyo ndiyo waiitayo nyayo za kaboni. Mwaka 2007 pakiti ya viazi vya kukaanga ya kampuni ya Walkers iliuzwa Uingereza ikiwa imeandikwa juu yake gramu 75. Mwaka huo huo kampuni ya maduka ya Tesco iliahidi kuandika namba kama hiyo juu ya bidhaa zake zote 70,000. Mwaka 2008 Waingereza wakatoa kanuni ya kuhesabu iitwayo PAS 2050, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likatoa kanuni yake namba 14067.

Wako watakaocheka, wakisema kwamba wazungu wamekosa kazi hata wahesabu moshi wa kiazi. Wasicheke upesi. Mwaka 2018 watafiti wawili walichapisha hesabu walizozikusanya kutoka mashamba yapata 38,700 katika nchi 119, wakaona kwamba chakula hubeba kama asilimia 26 ya gesi joto zote zitokanazo na kazi za wanadamu. Na joto hilo halichagui. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo kwa mamilioni ikafa Kenya, Ethiopia na Somalia. Mfugaji aliyesimama juu ya mizoga ya ng'ombe wake hakuhitaji kuambiwa kwamba mambo ya angani yamhusu.

Basi si shauri la kupima au kutopima. Shauri ni kupima kwa haki, na hapo ndipo ng'ombe huleta taabu kuliko trekta.

Kaboni ni moja, lakini ina nyumba mbili. Iko ile iliyolala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, katika makaa ya mawe na mafuta. Tuichimbapo na kuichoma twaongeza angani kitu ambacho hakikuwamo katika mzunguko wa viumbe. Na iko ile izungukayo daima: jani huivuta kutoka hewani, mbuzi hula jani na kupumua, na ile aliyoitoa jani jingine huivuta tena. Kwa sababu hiyo hakuna ahesabuye pumzi ya mbuzi, wala ya mtoto wako alalaye. Kilichotoka hewani kimerudi hewani.

Wengi huishia hapo, wakasema: kumbe ng'ombe hana hatia, kwani hula majani tu. Ingekuwa hivyo kama kaboni iliyoingia kinywani mwake ingetoka ikiwa vile vile. Haitoki hivyo. Ndani ya tumbo kubwa la mnyama acheuaye vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, viishivyo mahali pasipo hewa safi, navyo huyavunja majani makavu ambayo sisi tukiyala tungekufa njaa na matumbo yetu yamejaa. Kazi hiyo ni ya ajabu. Ndiyo igeuzayo nyika kuwa maziwa. Lakini taka yake ni gesi ya methani, ambayo ng'ombe huitoa zaidi kwa mbweu. Methani ni kaboni ile ile iliyovaa vazi jingine, na vazi hilo ni zito. Jopo la wanasayansi liitwalo IPCC lilieleza mwaka 2021 kwamba kilo moja ya methani ya viumbe huipasha dunia joto kama kilo 27 za hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20, yapata kilo 80. Kisha, baada ya kama miaka 12, methani huchakaa, hugeuka kuwa hewa ukaa, na kurudi katika mzunguko wake wa zamani. Jaruba la mpunga lililofurika maji hufanya vivyo hivyo, maana chini ya maji mna vijidudu vya ukoo ule ule. Mpunga hutoa kama asilimia 8 hadi 10 ya methani yote itokanayo na kazi za binadamu.

Kwa hiyo neno "asili" halimwondolei mtu hatia. Moto nao ni wa asili. Lakini vile vile si haki kuitia mbweu ya ng'ombe na moshi wa kiwanda cha makaa ya mawe katika kapu moja, kisha kulisoma kapu hilo kama kitu kimoja. Kanuni ya ISO imefanya vema iliposhurutisha kwamba gesi itokanayo na viumbe hai iandikwe katika mstari wake, na ile ya mafuta ya ardhini katika mstari wake. Tatizo ni kwamba mnunuzi dukani haoni mistari. Huona namba moja.

Sasa tuje kwenye maziwa, kwa kuwa hapa mizani hii yamwelekea maskini moja kwa moja.

Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa hesabu ya gesi joto za maziwa. Kwa dunia nzima kilo moja ya maziwa ilibeba wastani wa kilo 2.4. Katika nchi zenye viwanda ilikuwa kati ya kilo 1 na 2. Katika Afrika iliyo kusini ya Sahara ilifika yapata kilo 7.5. Mtu asomaye namba hizo bila kufikiri atasema kwamba mama wa Kiafrika anywesha watoto wake maziwa machafu kuliko yote duniani, na ya kwamba ingekuwa heri kwa mbingu kama angenunua ya unga kutoka Ulaya.

Lakini tazama namba hizo zatokaje. Mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006 uliweka makadirio haya kwa nchi zisizo na vipimo vyake zenyewe: ng'ombe wa maziwa wa Amerika ya Kaskazini hutoa kilo 128 za methani kwa mwaka, naye hukamuliwa kilo 8,400 za maziwa, ng'ombe wa Afrika hutoa kilo 46 za methani, naye hukamuliwa kilo 475. Ng'ombe wetu, basi, huchafua kama theluthi moja tu ya kile achafuacho mwenzake. Ila maziwa yake ni machache mno, na ukigawa methani yake kwa maziwa hayo, kila kilo hubeba zaidi ya mara sita ya kilo ya Amerika. Hakuna aliyedanganya katika hesabu hii. Kila tarakimu ni halali. Na bado yule achafuaye kidogo ndiye atokaye akiwa mkosaji mkubwa, kwa sababu moja tu, kwamba ni maskini, na ng'ombe wake ana njaa.

Hapa mtu mwenye akili atauliza: je, tupime kwa kilo ya maziwa au kwa kichwa cha mtu? Kwa kichwa, jibu laeleweka mara moja. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa ya mafuta na makaa ya mawe kwa mwaka; Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Lakini kipimo cha kilo nacho chasema ukweli wake. Chasema kwamba chakula cha mifugo yetu kimepotea bure, kikaliwa na mnyama aliyebaki mfupa, akatoa mbweu badala ya maziwa. Mwenye kutaka kuongeza maziwa ya mtoto wake angefaidika kuisikia habari hiyo. Vipimo vyote viwili vyafaa, kila kimoja kwa kazi yake. Dhuluma huanza pale kipimo cha kumshauri mkulima kigeuzwapo kuwa kipimo cha kumhukumu.

Na liko swali la ndani zaidi, ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: ng'ombe ni kitu gani? Katika zizi la kisasa la Wisconsin ng'ombe ni mtambo wa maziwa, na mwisho wake ni nyama. Ni haki kumtwisha gesi zote maziwa na nyama. Katika boma la Mkurya au la Msukuma ng'ombe huyo huyo hulima, hutoa samadi ya mahindi, huvuta mkokoteni, ni mahari ya kijana, ni karo ya shule mwezi wa Januari, ni akiba itembeayo kwa miguu yake mahali pasipo benki. Mama akiugua usiku, ng'ombe ndiye aendaye hospitali kwanza. Mpimaji afikapo na kuandika "maziwa: lita mbili", kisha akazitwisha lita hizo mbili methani yote ya mwaka, amekosa kuona sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya mnyama. Amepima kweli, lakini amepima kana kwamba nyumba hii haina mahitaji mengine.

Si maneno matupu haya. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliowachunguza wafugaji wadogo wa Kaptumo, katika Kaunti ya Nandi nchini Kenya. Walipoutwisha mzigo wote vyakula pekee, kilo moja ya maziwa ilibeba wastani wa kilo 2.0 za gesi joto. Walipohesabu pia samadi, bima na akiba kwa thamani ya fedha, ikashuka hadi 1.6. Na walipowauliza wafugaji wenyewe ng'ombe awafaa kwa mambo gani, na kwa kiasi gani, kisha wakagawa mzigo kwa majibu hayo, ikashuka hadi 1.1. Ng'ombe ni wale wale. Malisho ni yale yale. Hakuna mbweu iliyopungua hata moja. Kilichobadilika ni jibu la swali, ng'ombe ni wa nini. Na jibu hilo, katika hesabu ya tatu, walilitoa wenye ng'ombe.

Twaomba msomaji asiidharau habari hii ndogo ya Nandi. Kati ya 2.0 na 1.1 kuna umbali wa kutosha kumtoa mkulima katika orodha ya wachafuzi na kumweka pamoja na wafugaji wa nchi zenye viwanda. Umbali huo haukupimwa kwa chombo chochote. Ni hukumu, nayo ni hukumu ya kimaadili. Na kila mgawanyo wa namna hii, hata ule uonekanao mkavu na wa kitaalamu, una hukumu kama hiyo ndani yake, ijapokuwa aliyeifanya hakuisema, na pengine hata hakuijua.

Vivyo hivyo kuhusu miaka. Tumesema methani ni mara 27 kwa miaka 100 na mara 80 kwa miaka 20. Ni ipi iliyo kweli? Zote. Hakuna sheria ya maumbile iliyochagua miaka 100; watu waliichagua mezani. Achaguaye 20 awatazama zaidi hawa tuishio nao. Achaguaye 100 awapa nafasi zaidi wajukuu wao. Mwaka 2018 wataalamu wa Oxford na wenzao walileta njia nyingine. Walisema: kwa kuwa methani huchakaa baada ya miaka michache, kundi lisiloongezeka haliongezi joto jipya ila kidogo, kwani ya leo huchukua tu nafasi ya ile iliyochakaa, liongezalo joto hasa ni kundi liongezekalo. Kwa sayansi, wamesema kweli, na njia yao yaeleza joto la dunia vizuri kuliko ile ya zamani. Lakini ipeleke sokoni uone. Nchi yenye ng'ombe wengi tangu zamani, ikipunguza wachache tu, yaweza kujitangaza kuwa haina deni. Na kijana wa Kagera anunuaye ng'ombe wake wa kwanza aandikiwa deni zito kuliko kawaida. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii yetu huisema kwa mzaha aliyekwisha kushiba. Wako wanasayansi walioigundua kasoro hiyo mara moja, wakaonya kwamba njia ifaayo kwa dunia nzima haifai kugawa lawama kati ya nchi na nchi. Onyo hilo halisikiki sana katika matangazo ya wauza nyama.

Hata hivyo wako waliojitwisha wenyewe. New Zealand, nchi ya ng'ombe na kondoo, ilitunga sheria mwaka 2019 ikiitenga methani ya viumbe hai na gesi nyingine na kuiwekea shabaha yake. Denmark ilikubaliana mwaka 2024 kuwatoza wafugaji wake kwa ajili ya gesi za mifugo kuanzia mwaka 2030, kroner 300 kwa tani, pamoja na msamaha wa asilimia 60 ili mkulima asianguke. Waweza kuipinga kodi hiyo, na wafugaji wengi wa kule waliipinga. Lakini walioiweka waliiweka juu ya ng'ombe wao, si juu ya ng'ombe wa jirani.

Tusidhani, basi, kwamba mizani hii humwonea maskini siku zote. Mwaka 2007, wakati Waingereza walipoanza kuhofia chakula kisafirishwacho mbali, maduka mawili makubwa yalibandika picha ya ndege juu ya mboga zilizopita angani, na chama kimoja cha kilimo hai kikashauriana kama kivinyime cheti chake. Maharage mabichi ya Kenya yalikuwa hatarini, na pamoja nayo mikate ya familia nyingi za Kirinyaga na Machakos. Mwaka huo huo chuo kikuu cha Cranfield kilihesabu maua ya waridi. Waridi 12,000 za Kenya, pamoja na safari yao ya ndege, zilitoa yapata kilo 6,000 za hewa ukaa. Waridi 12,000 za Uholanzi, zilizokuzwa katika nyumba za vioo zipashwazo joto kwa gesi, zilitoa yapata kilo 35,000. Jua la Naivasha halilipiwi. Ndege ni mzigo mzito kweli, na mboga ipandayo ndege haiwezi kujiita nyepesi. Lakini picha ile ya ndege ilikuwa imesema nusu ya ukweli, na aliyeisema nusu ya pili ni mpimaji. Aikataaye mizani yote kwa sababu ya lumbesa atakuja kuuza kwa kukisiwa, na akisiaye ni mnunuzi.

Tena yatupasa kujitazama sisi wenyewe. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wala sisi hatulemewi na wingi wa mifugo yetu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wengi wao huonekana katika kiangazi wakiwa wamebaki mbavu. Kundi la 100 lisilo na malisho hutoa methani nyingi na maziwa machache; kundi la 30 lililoshiba laweza kulishinda kwa maziwa, na kumwachia mwenyewe nguvu za kulipa karo. Huo si ushauri wa mgeni mwenye mizani. Maofisa mifugo wameusema tangu enzi za wakoloni, ijapokuwa enzi zile ulisemwa kwa amri na kwa kunyang'anya, na chuki ya amri ile imebaki katika ushauri wenyewe mpaka leo. Na pale msitu ukatwapo au uchomwapo ili kupata malisho, kaboni iliyokaa katika miti karne nzima hupanda kwa siku moja. Hiyo haimo katika mbweu, na kipimo kiishiacho kwenye ng'ombe hakiioni kabisa. Nayo ni yetu.

Jiko nalo hubaki nje ya mpaka wa hesabu. Kanuni yasema kwamba hewa ukaa ya kuni na mkaa haihesabiwi jikoni, kwa kuwa mti utaota tena na kuivuta. Ikiwa hauoti, ihesabiwe katika habari za misitu. Kwenye karatasi mambo ni sawa. Lakini mifuko ya mkaa iingiayo Dar es Salaam kila usiku hutoka katika mapori ambayo mengi hayakupandwa tena, na hesabu ya chakula, ambayo mara nyingi hukoma katika lango la shamba au la kiwanda, haimwoni mama achemshaye maharage saa tatu kwa mkaa huo. Maharage huitwa chakula chepesi kwa mbingu. Ndivyo yalivyo, shambani.

Je, kula nyama ni kosa? Twaulizwa hivyo, na jibu letu ni fupi. Mtoto wa Longido anyweshwaye maziwa na bwana wa Dar es Salaam alaye nyama choma kila jioni hawapaswi kuulizwa swali moja. Wa kwanza asiulizwe lolote. Wa pili aulizwe kama angeulizwa mwenzake wa Chicago, kwa kuwa kushiba hakuna taifa.

Liko jambo moja la mpunga ambalo twapenda lijulikane. Padri Henri de Laulanié, Mjesuiti Mfaransa, alifika Madagaska mwaka 1961, akakaa miaka mingi akiwatazama wakulima wa mpunga na kulima pamoja nao. Kufikia mwaka 1983 alikuwa ameona kwamba miche michanga ikipandwa mmoja mmoja, kwa nafasi, na jaruba likiachwa likauke kidogo kisha limwagiliwe tena badala ya kufurika daima, mazao huongezeka na mbegu hupungua. Hakuwa na habari za methani. Alitaka watu washibe. Alifariki mwaka 1995. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba jaruba likaukalo kwa zamu huwanyima vijidudu wale makao yao, na methani hupungua sana; gesi nyingine, naitrasi oksaidi, huongezeka kiasi, lakini katika jumla mbingu hupata nafuu. Kilimo hicho kimefika Mwea nchini Kenya, na Mkindo na Mbarali kwetu, nacho huitwa kilimo shadidi. Mkulima wa Mbarali akikifuata hupata gunia zaidi na hutumia maji machache, wakati Mto Ruaha Mkuu una kiu. Lakini mpimaji wa mbali atumiaye makadirio ya jumla ya mpunga wa Afrika atamwandikia namba ile ile ya jirani yake aliyefurisha jaruba. Jasho lake halimo.

Hapo twafika kwenye gharama. Kuwapima ng'ombe kwa haki ni kazi. Katika Kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, mjini Nairobi, ng'ombe wa hapa huwekwa katika vyumba maalumu, mbweu zao zikapimwa kwa vyombo. Na watafiti walipokipima kinyesi na mkojo wa ng'ombe katika nyika ya Afrika Mashariki, waliona kwamba gesi zake zilikuwa chini ya makadirio ya IPCC yaliyokuwa yakitumika. Miaka mingi, basi, ng'ombe wetu waliandikiwa mkojo wa ng'ombe wengine. Na vipimo kama hivyo ni vya wanyama wachache, katika mahali pachache. Kule Uingereza Tesco iliiacha ahadi yake mwaka 2012, ikieleza kwamba kuhesabu bidhaa moja kulichukua miezi kadhaa. Ikiwa tajiri yule alichoka, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kitampataje mhasibu wa methani? Mnunuzi atakayedai namba bila kulipia kupimwa kwake atapata namba ya kukisiwa, na ya kukisiwa huwa ni ya juu, kwa kuwa asiyejulikana huandikiwa mabaya.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba adaiye kipimo alipie kipimo, na ya kwamba mgawanyo wa mzigo kati ya maziwa, samadi, jembe na akiba usiandikwe na watu ambao hawajapata kufuga kwa ajili ya karo. Nafasi ipo. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya ni wanachama wa ISO, wana kura, na kanuni za ISO hupitiwa upya angalau kila miaka mitano. Wajumbe wetu waendapo katika vikao hivyo huenda na karatasi za wataalamu, nazo ni za lazima. Lakini kabla hawajapanda ndege, wangepita Rungwe asubuhi, wakati wa kukamua, wakamuuliza mama mwenye ng'ombe wawili kila mmoja wao amfaa kwa nini, na kwa kiasi gani, nao wakaandika majibu yake.